Njegere na Ukoo Wake: Jina Dogo Lenye Maana Nyingi

Yako maneno ambayo mtu huyatumia jikoni kila siku bila kuyauliza yametoka wapi wala yana jamaa gani. Njegere ni mojawapo. Ukifika katika soko la Kabale utazikuta zimemwagwa juu ya magunia, kavu na ngumu, nyingine za kijivu, nyingine za kahawia, na mama anayeziuza atakuambia kuwa hizo ni obushaza. Ukivuka mpaka pale Katuna na kuingia Rwanda, utasikia zikiitwa amashaza. Ukiendelea mpaka Burundi, ubwishaza. Geuza safari uje Kampala, nao Waganda watakuambia kawo. Panda basi hadi Nairobi, na mwenye genge atakupimia minji. Mswahili wa pwani na ndugu zetu wa Tanzania husema njegere, nasi katika ukurasa huu tutalishika hilo.

Majina yote hayo ni ya mmea mmoja. Ni mmea mwembamba utambaao, wenye majani ya rangi ya kijani iliyofifia, na vikono vidogo kama nyuzi ambavyo hujizungusha katika kila kijiti vinachokigusa. Hupenda baridi. Ndiyo sababu milima ya Kigezi na ya Rwanda ni nyumbani kwake katika sehemu zetu, hali kwenye joto la tambarare hutoa maua machache na kukauka mapema.

Kabla ya kuendelea, nawaomba wazazi wawaangalie watoto katika matamshi. Njegere ni chakula, lakini nyegere ni mnyama mkali wa porini, mla asali, ambaye hata simba humkwepa. Herufi moja tu ndiyo iliyo kati ya sufuria na makucha.

Jina likihama, chakula hubadilika

Taabu ya majina ya nafaka hizi za maganda si mchezo wa walimu wa lugha tu. Huingia katika mfuko wa mwenye nyumba. Chukua neno dengu. Mtanzania akisema dengu, anakusudia zile mbegu nene zenye ncha kama mdomo wa ndege, ambazo Wahindi husaga unga wake kwa kupikia bajia. Mkenya akisema dengu, au ndengu, anakusudia zile ndogo za kijani zilizo mviringo, ambazo Mtanzania, na sisi huku Uganda hasa mashariki na kaskazini, tunaziita choroko. Neno ni lile lile, mpaka ni mmoja, na chakula ni mbalimbali kabisa.

Katika nyumba za askari wa mji mmoja wa mashariki, koplo mmoja aliyelelewa upande wa Kenya alimwachia mkewe fedha akamwambia, "Mama Asha, leo nina wageni, tupikie dengu." Mama huyo ni mzaliwa wa Tanga. Alinunua dengu za kwao, akaziinjika saa nne asubuhi bila kuziloweka, kwa kuwa mumewe alimhakikishia kwamba huiva upesi. Saa saba wageni walipoketi, dengu zilikuwa bado zinagonga kifuniko cha sufuria kama changarawe. Mume alilaumu moto, mke alilaumu mwenye duka, na jirani aliyekuja kuamua kesi ndiye aliyeuliza swali la maana: "Afande, dengu gani?" Choroko huiva kwa muda usiozidi saa moja hata bila kulowekwa, dengu za Tanga hazina budi kulala majini usiku kucha.

Na njugu je? Kwa wengi wetu njugu ni karanga, na kwa wengine ni zile njugu mawe zinazozaa chini ya udongo. Lakini Mkikuyu akitaja njugu, moyoni mwake anaona mbaazi. Askari anayehamishwa mara kwa mara, leo Moroto, kesho Mbarara, na mkewe anayemfuata na watoto na magodoro, hawana budi kujifunza desturi hii: usinunue kwa jina, nunua kwa macho. Shika mbegu mkononi, uitazame, uulize inapikwaje. Muuzaji hatakasirika.

Njugu zenyewe zimepata kazi nyingine katika lugha. Kitu kinachotolewa ovyo na kwa wingi, watu husema kinagawiwa kama njugu: kadi nyekundu uwanjani, vyeti, hata vyeo. Mwenye kusema hivyo huwa hasifu.

Majina ya wakubwa yaliyotoka shambani

Njegere ni miongoni mwa mimea iliyolimwa na wanadamu kwa muda mrefu kuliko karibu yote. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamezikuta mbegu zake, zimeungua na kuwa makaa, katika vijiji vya kale vya Mashariki ya Kati, pamoja na ngano na shayiri, na umri wake hufikia miaka kama elfu tisa au zaidi. Wayunani waliziita pison, na Warumi wakaziita pisum.

Warumi hawakuona haya kujiita kwa vyakula vyao. Ukoo wa Piso, ambao ulitoa viongozi wengi, na ambao mmoja wao, Lucius Calpurnius Piso, alikuwa mkwe wa Julius Caesar, jina lake huhesabiwa kuwa limetoka katika njegere. Ukoo wa Fabius ulitokana na neno lao la maharage mapana. Lentulus ni wa adesi. Na Cicero, msemaji mkubwa kuliko wote wa Roma, aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, jina lake ni dengu, zile za Tanzania. Plinio, aliyeandika habari za mimea, alisema kuwa majina hayo walipewa mababu waliokuwa hodari wa kulima mazao hayo. Plutarki yeye alieleza kwamba babu yake Cicero alikuwa na mpasuko katika ncha ya pua kama ule ulio katika mbegu ya dengu. Rafiki zake walipomshauri Cicero alitupe jina hilo alipokuwa anaingia katika siasa, alikataa, akaapa kulipandisha mpaka liwe maarufu kuliko majina ya hao wakubwa wengine. Naye alifanya hivyo.

Sisi tusiwacheke Warumi. Hapa Buganda upo ukoo wa Mpindi, yaani kunde, na mtu wa ukoo huo hali kunde kwa kuwa ni mwiko wake, ingawa jirani yake anazila kila siku na majani yake, eggobe, yamo katika kila soko.

Adesi nazo zimejipenyeza mahali ambapo askari hawezi kupakosa. Kwa Kilatini adesi huitwa lens. Watu wa Ulaya walipoanza kuchonga vioo vilivyotuna katikati na kupungua ukingoni, waliviona vinafanana na punje ya adesi, wakavipa jina hilo hilo. Kutoka huko likatujia neno letu lenzi. Waarabu nao, kwa lugha yao wenyewe, hutumia neno adasa kwa vyote viwili, punje na kioo. Kwa hiyo mlinzi aliyeko mpakani anayetazama kwa darubini, anatazama kupitia punje mbili za adesi.

Kosa la Waingereza

Jina la njegere kwa Kiingereza lina kisa kinachofurahisha. Zamani Mwingereza alisema "pease", naye alikusudia punje moja au chakula chenyewe, kama sisi tunavyosema mchele. Lakini mwisho wa neno hilo ulisikika kama alama ya wingi katika lugha yao. Baada ya muda, hasa kufikia karne ya 17, watu walianza kudhani kwamba, kwa kuwa hizi ni nyingi, basi iliyo moja haina budi kuwa "pea". Neno jipya likazaliwa kutokana na hesabu isiyokuwapo.

Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo, wala hakuna aliyedhurika. Kitabu kilitujia kutoka kwa Waarabu kikiwa neno zima, lakini sisi tuliiona ki- mwanzoni, tukatoa vitabu. Polisi wa usalama barabarani wanakijua kiplefti, ambacho kilitokana na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva washike kushoto. Leo kiko kimoja, na vikiwa viwili ni viplefti. Na bamba la kuzuia matope juu ya gurudumu likawa digadi moja, madigadi mengi. Mwenye kuona aibu kwa maneno hayo na awaulize Waingereza habari za njegere.

Hao hao Waingereza wameitia njegere mahali pengi. Ile filimbi ya mwamuzi wa mpira yenye kigololi ndani, inayotoa sauti ya kukatikakatika, kigololi chake wanakiita njegere hata leo, ingawa aghalabu hutengenezwa kwa gamba laini la mti au kwa plastiki. Filimbi mashuhuri ya namna hiyo, Acme Thunderer, ilitengenezwa na Joseph Hudson katika mji wa Birmingham mwaka 1884. Moshi na ukungu uliokuwa unaifunika London waliufananisha na supu nzito ya njegere. Ule wa Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kuzuia moshi wa makaa. Lakini koti zito la mabaharia, ambalo kwa Kiingereza hubeba jina lile lile, halina uhusiano wowote na mmea huu: lilitoka katika neno la Kiholanzi la nguo nzito ya sufu. Masikio yalisikia njegere pasipokuwa na njegere.

Chakula cha askari

Kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wanavaa sare, yafaa kutaja kwamba njegere imetumika jeshini kwa muda mrefu. Mwaka 1867 Mjerumani Johann Heinrich Grüneberg alibuni chakula cha unga wa njegere uliochanganywa na mafuta na nyama, ukashindiliwa katika umbo la soseji. Askari aliukata kipande, akakiponda katika maji ya moto, na kwa dakika chache akapata supu. Katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 hadi 1871 jeshi la Prussia lililishwa chakula hicho kwa wingi. Kiwanda cha Knorr kiliendelea kukitengeneza kwa miaka mingi baadaye, na kilikiacha mwaka 2018. Finland nako, siku ya Alhamisi ni siku ya supu ya njegere kambini mpaka leo, na baada yake chapati za maji. 

Sababu ni rahisi. Njegere kavu ina protini kiasi cha asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake, haiozi upesi, na haihitaji barafu. Gunia lake linaweza kukaa ghalani miezi mingi mradi ghala liwe kavu na lisilo na dumuzi.

Mbaazi ng'ambo ya bahari

Katika ukoo huu, mbaazi ndiyo iliyosafiri kwa uchungu mkubwa kuliko wote. Si utambaao bali ni mti mdogo, na mizizi yake huzama chini sana. Hivyo hustahimili ukame ambao huua mahindi. Ndiyo maana wahenga wa Kiswahili wakasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Msemo huu una makali kwa yule anayeujua mmea wenyewe, kwa sababu jua ndilo jambo la mwisho ambalo mbaazi ingepaswa kulilalamikia.

Kwetu Uganda mbaazi ni mali ya kaskazini. Waacholi huiita lapena, huipanda pamoja na wimbi, na huipika ikapondwa na kuchanganywa na simsim. Waganda huiita enkolimbo. Huko Mombasa na Zanzibar huungwa kwa tui la nazi ikaliwa asubuhi kwa mahamri, na asiyepata kuila hivyo bado ana safari ya kufanya.

Watu waliokamatwa Afrika ya Kati na kupelekwa utumwani Amerika waliliendeleza jina walilolijua. Wakongo waliiita wandu. Katika visiwa vya Karibi na nchi za Amerika zisemazo Kihispania, neno hilo likageuka kuwa guandú na gandul, na mpaka sasa wali wa gandul ni chakula cha sikukuu huko Puerto Rico. Haiti huziita mbegu hizi njegere za Kongo. Waingereza wa kisiwa cha Barbados, ambao waliwalisha njiwa wao mbegu hizo, waliziita njegere za njiwa katika karne ya 17, na jina hilo ndilo lililoandikwa katika vitabu vingi vya kilimo. Kwa hiyo chakula kilichomlisha mtu mzima kwao, katika vitabu kikapewa jina la chakula cha ndege. Mimi naona ingefaa watoto wetu wafundishwe jina la wandu pamoja na hilo la njiwa.

Wakulima wa mbaazi wamepata somo jingine karibuni. Mnunuzi mkubwa wa mbaazi duniani ni India, ambako huitwa tur. Agosti mwaka 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna sana. Bei zikaanguka vibaya Tanzania, Malawi na Msumbiji, na watu waliolima kwa kutegemea soko lile walibaki na magunia. Hapo jua halikuwa na hatia kabisa.

Maji ya kunde

Kunde zinatuhusu kwa karibu zaidi, maana zililimwa kwanza hapa hapa Afrika. Chemsha kunde nyekundu, umwage maji yake katika bakuli jeupe, utaona rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo. Mswahili hutumia rangi hiyo kumweleza mtu: si mweupe, si mweusi sana, ni maji ya kunde. Hata polisi katika matangazo ya kumtafuta mtu aliyepotea huweza kuandika hivyo, na kila asomaye akaelewa. Ni maelezo yasiyomtukana mtu, na hayahitaji kipimo.

Lakini rangi hii pia imezusha maneno katika nyumba. Mtoto akizaliwa mweusi kuliko wazazi, au maji ya kunde kati ya ndugu weusi, majirani huanza kunong'ona. Na hapa ndipo njegere, jamaa yake kunde, ilipotoa ushahidi ambao ulibadilisha elimu ya dunia nzima.

Padri na vitanda vyake vya njegere

Gregor Mendel alikuwa mtawa katika mji wa Brno, ambao siku zile ulikuwa katika dola ya Austria na sasa umo katika Jamhuri ya Czech. Alikuwa akifundisha shule, lakini mtihani wa kupata cheti kamili cha ualimu aliufanya mwaka 1850 akashindwa, akaurudia mwaka 1856 asifaulu. Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tunaweza kumwelewa mtu huyu. Mwaka ule ule wa 1856 alianza kupanda njegere katika bustani ya monasteri, na aliendelea mpaka 1863. Alihesabu mimea ipatayo 28,000.

Alichagua njegere kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba. Akitaka kuoanisha mimea miwili, alifumbua ua changa, akakata vijiti vya chavua kabla havijapevuka, akapaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunga ua kwa kitambaa. Hivyo alijua kwa hakika baba ni nani na mama ni nani.

Alioanisha njegere ya maua ya zambarau na ya maua meupe. Watoto wote walitoka zambarau. Weupe ulipotea kana kwamba haukupata kuwapo. Akawaacha watoto hao wazae wenyewe kwa wenyewe, na wajukuu walipochanua, akahesabu: mimea 705 ya zambarau, 224 meupe. Akafanya hivyo kwa mbegu za mviringo na za makunyanzi: 5,474 za mviringo, 1,850 za makunyanzi. Kwa urefu: 787 mirefu, 277 mifupi. Kila mara ni kama tatu kwa moja.

Mendel akatambua kwamba kila mmea hubeba sehemu mbili za kila sifa, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ipo sifa yenye nguvu inayoonekana, na ipo inayojificha. Inayojificha haifi. Hupita katika damu ya watoto bila kuonekana, na hujitokeza pale tu inapokutana na mwenzake. Aliieleza habari hii mbele ya wataalamu mwaka 1865, ikachapishwa mwaka 1866, na karibu hakuna aliyejali. Alifariki mwaka 1884. Mwaka 1900 ndipo wataalamu wengine waliogundua mambo yale yale walipoyakuta maandishi yake.

Rangi ya ngozi ya mwanadamu haiongozwi na sehemu mbili tu kama ua la njegere. Huongozwa na nyingi, na ndiyo sababu watoto wa nyumba moja huweza kutofautiana sana bila ya mtu kuwa amekosa uaminifu. Lakini uko ugonjwa mmoja unaofuata sheria ya njegere barabara, nao ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli.

Katika Uganda damu za watoto wadogo zaidi ya 97,000 zilipimwa kati ya mwaka 2014 na 2015. Asilimia 13.3 walikuwa wabebaji, yaani wana sehemu moja ya ugonjwa huo na moja nzima. Hiyo ni kama mtoto mmoja kati ya kila saba au wanane. Mbebaji ni mzima. Anaweza kuwa askari hodari, akakimbia, akazeeka, asijue kitu. Tena sehemu ile humkinga kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na kwa sababu hiyo ndiyo maana imeenea katika nchi zetu za mbu. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa, nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto asiyebeba lolote, na nafasi mbili za kutoa mbebaji kama wao.

Naomba wasomaji walishike vizuri neno hili "kila mimba". Si kwamba kati ya watoto wanne lazima mmoja awe mgonjwa. Mimba haikumbuki iliyoitangulia. Wako wazazi waliopata watoto watano wazima, na wako waliopata wawili wagonjwa mfululizo.

Na litazameni jambo la pili. Mtoto mgonjwa amepokea sehemu moja kwa mama na moja kwa baba. Wako akina mama waliofukuzwa katika nyumba kwa kuambiwa kwamba ukoo wao una laana, au kwamba mtoto si wa baba huyo, kwa vile upande wa baba hapakuonekana mgonjwa tangu babu. Ua jeupe nalo halikuonekana katika watoto wa Mendel. Ugonjwa wa mtoto huyo unathibitisha kuwa baba naye amebeba sehemu yake. Kipimo cha damu kinatosha kuonyesha, na vijana wanaochumbiana wangefanya vema kukipata kabla ya kupeleka barua ya posa. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa na ugonjwa huu anahitaji kliniki mapema: kinga ya malaria, dawa ya kuzuia maambukizo, chanjo, maji mengi ya kunywa, na haidroksiyurea pale daktari anapoiagiza. Akitunzwa hivyo, anasoma na kukua.

Jina zuri, mbegu mbaya

Si kila kinachoitwa njegere kwa lugha za wageni huliwa. Turituri, zile punje nyekundu zenye doa jeusi ambazo Waganda huziita olusiiti, nazo Waingereza wamezitia katika orodha ya njegere kwa kuwa hutungwa tasbihi. India walizitumia kama mawe ya mizani ya kupimia dhahabu, kwani uzito wake haupishani sana. Huku kwetu hutungwa shanga na kutiwa ndani ya manyanga. Ndani yake mna sumu kali sana. Punje nzima ikimezwa huweza kupita bila madhara kwa sababu ya ugumu wa ganda lake, lakini iliyotafunwa au kutobolewa huweza kumwua mtoto, wala hakuna dawa ya kuipoza. Mwenye shanga hizo nyumbani asizifanye kitu cha kuchezea mtoto anayeota meno. Mtoto akizitafuna, mkimbizeni hospitali mara moja, na mchukue punje moja mkononi ili daktari aione.

Ua linalopandwa mbele ya nyumba za maofisa kwa harufu yake nzuri, ambalo kwa Kiingereza huitwa njegere tamu, halina utamu wowote kwa mlaji. Mbegu zake ni sumu. Na huko Ethiopia na India iko jamaa nyingine, guaya, ambayo huliwa wakati wa njaa kwa sababu haifi kwa ukame. Wanaoila peke yake kwa miezi hupooza miguu, na hawaponi tena.

Kwa mpishi

Njegere mbichi zipikwe siku ile ile zinapochumwa, kwa sababu tangu saa ya kuchumwa sukari yake huanza kugeuka wanga. Zile za makunyanzi za Mendel ndizo tamu zaidi, kwa kuwa mmea wake hushindwa kutengeneza wanga wa kutosha na sukari hubaki. Chemsha maji kwanza, zitie, zisizidi dakika kumi.

Zilizo kavu zichambuliwe mawe, zioshwe, zilowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe. Zitie katika maji mapya na uzichemshe kwa saa moja au zaidi kidogo, mpaka zipondeke kati ya vidole viwili. Magadi huziharakisha lakini hupunguza vitamini, basi asiyekuwa na haraka ayaache. Kaanga kitunguu, nyanya na binzari kidogo, mimina njegere pamoja na maji yake, ponda nusu yake kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, tia chumvi. Kigezi huliwa kwa viazi. Kwa posho pia zinafaa, na kilo moja ya njegere kavu hushibisha watu wanane, hata kama wawili kati yao wametoka lindoni.